Vigingi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi ni fundi cherehani hapa Haydom. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama, kwenye barabara inayotoka stendi kwenda hospitali. Watu wanaoshuka kwenye mabasi na wagonjwa wao hupita mlangoni kwangu kutwa nzima, wengine wakiuliza njia, wengine wakiomba maji ya kunywa, na wateja wangu hukaa kwenye benchi wakingoja nguo na kuzungumza. Kwa hiyo habari za mji huu hunifikia mapema. Hata habari ya mpango wa mji ilinifikia hivyo, kwa kinywa cha mwanamke aliyekuja kupunguziwa sketi.

"Umesikia wanakuja kupima mji?" aliniuliza.

"Nani?"

"Watu wa wilayani. Wanasema Haydom inakuwa mji wa kweli sasa. Hapa katikati patajengwa maghorofa."

"Na sisi tulioko hapa katikati?"

Akacheka. "Hilo sikusikia wakilisema."

Sikucheka. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba ukisikia kitu kizuri kinakuja mahali unapokaa, jambo la kwanza ni kuuliza wewe utakaa wapi.

Wiki hiyohiyo ikaja droni. Iliruka juu ya mabati yetu asubuhi na mapema, ikilia kama nyuki, ikienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka. Nilikuwa nampima mteja gauni, akatoka nje mbio na pini zikiwa begani. Barabara nzima watu walisimama wakitazama juu. Muuza nyama wa jirani alisema wanahesabu ng'ombe ili walete kodi mpya. Mwingine akasema hapana, wanatafuta madini. Mama yangu, ambaye amepita miaka sabini, alitoka na ungo wake, akaitazama ile droni mpaka ikaenda zake, kisha akaniuliza kwa Kiiraqw kama kile kitu kinaona mpaka nyuma ya nyumba.

"Kinaona kila mahali, mama," nikamjibu.

Akarudi ndani na ungo wake.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Aliyetuma droni alikuwa afisa mipango miji, binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa pili, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi letu jekundu. Alitusalimia shikamoo sote tuliokaa mbele, mmoja mmoja, na kwa hilo wazee walimpenda. Mimi sikumpenda bado. Alibandika karatasi kubwa ubaoni, picha ya mji wetu ikionekana kutoka juu, na juu ya picha kulikuwa na mistari ya rangi. Akaeleza kwamba mji umekua bila mpangilio, nyumba zimebanana, maji ya mvua hayana pa kupita, na kwamba katikati ya mji panahitaji barabara za mitaa, mitaro, soko la kudumu na nafasi ya magari.

"Nyumba ikishika moto pale karibu na stendi," alisema, "gari la zimamoto litapita wapi?"

Mzee mmoja akainuka kwa fimbo yake. "Binti yangu, hilo gari lenyewe liko wapi?"

Watu wakacheka sana. Binti naye akacheka, akasema gari litakuja siku moja, na likija lisikute hakuna njia. Nikamwona mzee anatikisa kichwa kukubali. Mimi moyoni nikasema, ameshawapata.

Ikaundwa kamati ya wananchi ya kufuatilia upangaji. Walimchagua mwenyekiti, mwalimu mstaafu, kisha wakatafuta katibu. Mtu akasema mimi nina mwandiko mzuri, kwa kuwa kila mtu ameona jinsi ninavyoandika vipimo vya nguo kwenye daftari. Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili. Ukweli ni kwamba sikutaka kuutumikia mji. Nilitaka kuwa karibu na ile karatasi, nione mistari inapita wapi kabla wengine hawajaona.

Nikaona. Mstari mmoja wa kijivu, barabara ya mtaa ya mita kumi, ulitoka upande wa soko, ukapita nyuma ya nyumba ya mama, kati ya kiwanja chetu na cha jirani wa nyuma, ukatokea barabara ya hospitali. Ungekula kipande cha kwetu na kipande cha kwake. Kwetu hakukuwa na kitu huko nyuma ila ua wa minyaa, jiko la nje na uwanja wa kuanikia mahindi. Nilifanya hesabu zangu, nikaona kwamba barabara ingetupatia mlango wa pili wa duka. Kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba huenda mpango huu si mbaya.

Jirani yule wa nyuma alikuwa mzee wa Kibarbaig, mfugaji, aliyetoka upande wa Basotu miaka mingi iliyopita. Aliuza sehemu ya ng'ombe wake, akanunua kile kiwanja, na wanawe wakajenga gesti ya vyumba vya kulala ndugu wa wagonjwa. Yeye mwenyewe hakulala gesti. Alikuwa na kibanda chake kwenye kona, karibu na ua wetu, na ndama wawili watatu ambao mji ulimruhusu kuwa nao. Kwa miaka yote hiyo tulisalimiana juu ya minyaa. Shikamoo mzee, marahaba binti, basi. Sisi ni Wairaqw wa kutoka milimani, wakulima na waenda kanisani. Yeye hakuwa wa kanisa lolote. Hatukuwa na ugomvi, lakini sikumbuki kama niliwahi kuketi kwake hata mara moja.

Wapima walikuja wakapigilia vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Walisema ni vya muda, bikoni za zege zitafuata mchoro ukishapitishwa. Viwili viliwekwa nyuma ya nyumba yetu, karibu kabisa na minyaa. Baada ya siku tatu kimoja hakikuwepo.

Nilikiona kwa kuwa nilikuwa nakitazama kila asubuhi. Shimo lake lilikuwa limefukiwa vizuri na kukanyagwa. Nikawaita wapima, wakarudi wakaweka kingine, wakanung'unika. Asubuhi iliyofuata nilipokwenda kufungua jiko la nje nilimwona yule mzee upande wa pili wa ua, amejifunga shuka lake, amekiinamia kile kigingi kipya kupitia pengo la minyaa. Alikuwa anakichomachoma kwa ncha ya fimbo. Hakuniona. Alisimama pale muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Jioni yake vigingi vyote viwili havikuwepo.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kwenye mkutano wa pili mwanawe mkubwa alikuwa amesimama mbele za watu na kusema hawezi kukubali barabara ipunguze gesti yao. Na sasa baba yake anachokoa vigingi kwa fimbo. Nilianza kuwachunguza. Nikicharaza cherehani, jicho moja liko dirishani. Mwana wake akipita na sururu begani, nakumbuka ni saa ngapi. Wakicheka na mgeni mwenye gari, nauliza gari la nani. Kila nilichokiona kilinithibitishia. Mama aliniambia niache kuangalia watu kama polisi, nikamwambia yeye hajui dunia ilivyo siku hizi.

Kwenye kikao cha kamati nikaandika muhtasari kwa mkono wangu mwenyewe. Naikumbuka sentensi yote: "Inaaminika kuwa jirani anayepakana kwa nyuma ndiye anayeng'oa vigingi kwa lengo la kuzuia barabara." Mwenyekiti aliuliza ni nani anayeamini. Nikasema watu. Nilikuwa peke yangu, lakini nikasema watu.

Muhtasari ukaenda kwa mtendaji wa kata, na mtendaji akamwita mzee ofisini. Nilikuwepo kama katibu na kama shahidi. Mzee alikuja na mwanawe, akakataa kiti, akasimama ameegemea fimbo.

"Mzee, umeshutumiwa kung'oa vigingi vya serikali," mtendaji alimwambia.

"Nani ameniona?"

Nikasema, "Mimi, mzee. Nilikuona ukikichoma kwa fimbo, na siku hiyohiyo kikapotea."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinisumbua zaidi. "Nilikuwa nakiangalia," alisema kwa Kiswahili chake cha maneno machache. "Vijiti hivi navijua. Nilipokuwa kijana, kule kwetu vilikuja vijiti kama hivi. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya ngano. Sisi tukasogea. Nilitaka kuona kama ni vilevile."

"Sasa viko wapi?" akauliza mtendaji.

"Sijui."

Alipewa siku saba avirudishe au suala liende polisi. Akatoka bila kuniangalia tena. Saa hiyohiyo mwanawe akaja dukani. Kulikuwa na sare za shule za wanawe, sketi mbili, kaptula na mashati, ambazo nilikuwa nimekata tu na kuanza kushona. Akasema, "Fundi, naomba nguo zetu." Nikamwambia hazijaisha. Akasema, "Tutazichukua hivyohivyo." Akakunja vitambaa vilivyokatwa, mikono huku na viuno kule, akaviweka kwenye mfuko wa salfeti, akaenda. Wateja waliokuwa kwenye benchi walimtazama, kisha wakanitazama mimi.

Mama aliona yote kutoka mlango wa ndani. "Kwa nini amechukua nguo ambazo hazijashonwa?" akaniuliza.

Nikamweleza kila kitu, ofisi na siku saba na polisi. Nilieleza kwa kujisifu kidogo, nakiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama polisi watamlaza ndani mzee wa umri ule. Nikasema wanaweza. Akaenda kukaa jikoni kwake, na siku ile hakula.

Kesho yake asubuhi aliniita jiko la nje. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatengeneza moto.

"Usimsumbue mzee wa watu," alisema. "Vile vijiti nimepika navyo."

Sikuelewa. "Umepika nini?"

"Cha kwanza nilipikia maharage. Vile viwili vya pili nilipikia ugali. Na wewe ulikula."

Nilisimama pale na funguo za duka mkononi. Nilimuuliza kama anajua kwamba ni kosa, kwamba ile ni mali ya serikali, kwamba nimemsimamisha mtu asiye na hatia mbele ya mtendaji. Aliniacha niseme yote. Kisha akainuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, mahali minyaa ilipofungana sana. Chini yake kulikuwa na mawe matatu yaliyozama ardhini, ambayo tangu utotoni tulikatazwa kuyasogelea. Alituambia kuna nyoka. Mpaka naolewa niliamini kuna nyoka.

"Ndugu yako mkubwa amelala hapa," mama alisema.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote, na hivyo ndivyo kila mtu aliniita.

Akanieleza akiwa amesimama, bila kulia. Walikuwa wanaishi milimani, upande wa Mbulu, kwenye shamba la babu. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minane. Akashikwa na homa. Baba na mama walimbeba kwa miguu siku mbili kuja hospitali, maana walisikia hapa kuna dawa, na mvua iliwanyeshea njia nzima. Mtoto alikata roho mgongoni mwa mama wakiwa wanayaona mabati ya hospitali. Mama alisema aliendelea kutembea, hakumwambia baba mpaka walipofika getini, kwa sababu aliogopa kwamba baba akijua wangesimama pale porini.

Kurudi na mwili haikuwezekana, mito ilikuwa imejaa. Mwanamume mmoja aliyekuwa anafyatua matofali aliwapa nafasi kwenye kiwanja chake, nyuma ya ua. Wakamzika. Mwaka uliofuata baba aliuza fahali wake wawili na haki yake ya shamba kwa ndugu zake, akarudi kwa yule mfyatua matofali, akanunua kiwanja. Baba alituambia kila mara kwamba alihamia Haydom kwa kuwa alitabiri mabasi yatakuja na biashara itafunguka. Tulimsifu kwa akili hiyo. Mama akaniambia baba hakutabiri basi lolote. Alikuja kwa sababu mama alikataa kumwacha mtoto peke yake mahali asipojulikana.

Nataka kuwa mkweli hapa. Sikulia. Nilimtazama mama kwa jicho lilelile nililomtazamia jirani. Nilijiuliza kama mama hajatunga hadithi ili barabara isipite, kwa maana nilikuwa nimesikia kwenye kamati watu wengi wakigundua makaburi, mizimu na miti ya mababu ghafla tangu vigingi vilipokuja. Nilirudi dukani, nikafunga mlango, nikampigia simu shangazi yangu aliyebaki milimani, dada yake baba. Nikamuuliza, kwa kuzunguka, kama kulikuwa na mtoto kabla yangu.

Shangazi akasema, "Nani amekuambia? Alikuwa na meno mawili ya chini." Akaanza kulia, mzee wa watu, peke yake huko milimani na simu sikioni. Hapo ndipo nilipoona aibu, na aibu ile ilikuwa ya mambo mawili kwa pamoja, la mama na la jirani.

Kwa jirani nilikwenda siku hiyohiyo, mchana, na mjomba wangu, maana radhi ya mzee haiendi kuombwa na mtu peke yake. Nilibeba sukari na majani ya chai. Mzee alikuwa amekaa nje ya kibanda chake. Nilimwamkia, akaitikia, akatuonyesha mkeka. Nilimwambia nimemkosea, sikumwona akitenda kosa, na aliyeng'oa vigingi ametoka nyumbani kwangu mwenyewe.

"Mama yako," alisema.

Nilishtuka. "Ulijua, mzee?"

"Nilimwona. Mara ya kwanza na ya pili."

"Kwa nini hukusema ofisini?"

Alimtazama ndama. "Mtu mzima akitoa kijiti na kukificha chini ya khanga, ana sababu. Ilikuwa yake kuisema, si yangu."

Mjomba akainamisha kichwa. Nikamweleza sababu yenyewe, mtoto na mvua na mawe matatu. Mama alikuwa ameniruhusu nimwambie yeye tu, mbele ya mjomba, kwa kuwa nilikuwa nimemkosea.

Mzee akaomba aone. Tulizunguka, akaingia kwetu kwa mlango wa mbele, mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile, akapita chumba cha cherehani akiinama, akatokea nyuma. Mama alikuwepo. Wakasalimiana. Alisimama mbele ya mawe, akang'oa majani mabichi kando ya ua, akayaweka juu ya jiwe la katikati.

"Babu yangu amelala upande wa Basotu," alimwambia mama. "Katikati ya ngano. Nilikwenda kumtafuta mara mbili. Sasa sijui tena ni wapi."

Mama, ambaye Kiswahili chake si kirefu, alisema tu, "Pole, baba." Na alimwita baba ingawa hawakupishana umri sana.

Nilimpelekea mtendaji barua, nikaandika kwamba ushahidi wangu ulikuwa wa kudhani. Kwenye kikao cha kamati nilipaswa kusahihisha muhtasari. Mwenyekiti alisema tunaweza kuuchana ule ukurasa tu. Nikakataa, si kwa uadilifu, bali niliogopa kwamba ukurasa uliochanwa utaleta maswali. Nikaandika chini yake: "Katibu anakanusha aliyoandika hapo juu, na ameomba radhi." Ule mwandiko mzuri walionisifia ukaonekana kama wa mtoto wa darasa la pili.

Ikabaki barabara. Afisa mipango alikuja na kompyuta yake, tukakaa dukani kwangu. Nikamwambia kuna kaburi la familia. Nilitegemea aniulize cheti, picha, shahidi, kwa jinsi mimi mwenyewe nilivyouliza. Aliuliza tu ni la nani na lina muda gani. Kisha akaniambia, "Mama, mchoro si Biblia. Bado uko kwenye kipindi cha pingamizi. Kaburi linaweza kuhamishwa kwa utaratibu, au barabara inaweza kusogea. Mnataka lipi?"

"Lisihamishwe," mama alisema kutoka mlango wa ndani. Hatukujua kwamba anasikiliza.

"Basi barabara isogee upande wa pili hatua tatu. Lakini hapo ni kwa jirani. Lazima akubali kwa maandishi."

Mzee alikubali bila kupewa chochote. Mwanawe hakukubali. Nilisikia ugomvi wao juu ya ua, kwa Kidatoga, lugha yao nisiyoielewa, sauti ya kijana ikipanda na ya mzee ikibaki palepale. Wakati ule ule wa ugomvi nikaanza tena kushuku: labda mzee anatusaidia ili baadaye atudai kitu, labda kijana ameshaongea na mtu anayetaka kujenga ghorofa pale. Tabia ile haikuniacha kwa siku moja. Baada ya wiki mbili mzee alikuja na kidole gumba chenye wino, ameshasaini. Mwanawe alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Wakakubaliana kwamba barabara ipinde kidogo, ipungue upana mbele ya minyaa, na gesti ipoteze vyumba vya choo tu, vitakavyojengwa upande mwingine.

"Kona hii itaulizwa maswali miaka yote," binti wa mipango aliniambia akiichora. "Watu watataka kujua kwa nini barabara iliyonyooka inapinda mahali pasipo na kitu. Kwenye sababu niandike nini?"

Nilimtazama mama. Akatikisa kichwa kukataa. Kwa miaka hamsini hakumtaja mtoto wake kwa watu, hakutaka kuanza kwenye karatasi ya serikali.

"Andika sababu za kifamilia," nikasema.

Akaandika hivyo. Mchoro ukapita, ukagongwa mihuri, nakala moja ikabandikwa ofisini nyuma ya kioo. Nilikwenda kuikagua na futi yangu ya kushonea. Nilipima kona juu ya kioo na kulinganisha na nakala niliyokuwa nayo nyumbani. Mlinzi aliniuliza napima nini. Nikamwambia suruali.

Bikoni za zege zimeshawekwa. Zile za nyuma yetu zimekaa upande wa pili wa minyaa, na mzee wa Kibarbaig hufunga ndama wake kwenye moja, jambo ambalo nadhani haliruhusiwi. Barabara yenyewe bado haijachongwa. Wengine wanasema mwaka huu, wengine wanasema mpango umelala kwenye droo. Kule stendi walishaanza kubomoa vibanda viwili, wenyewe wakahamia upande wa barabara ya Katesh, na mwanamke aliyenipa habari za kwanza amejenga fremu tatu za maduka mahali ambapo mchoro unaonyesha soko. Alijuaje mapema, sijui. Nimejaribu kutouliza.

Mwana mkubwa wa mzee alishonesha zile sare, lakini si kwangu. Alizipeleka kwa fundi mwingine karibu na stendi, na watoto wake hupita hapa asubuhi wakiwa wamezivaa, kola zimekaa vibaya. Watoto hunisalimia. Yeye husalimia kwa kichwa.

Mama ameniruhusu kuandika haya, kwa sharti kwamba nisiandike jina la mtoto. Anasema jina lake wanalijua wanaopaswa kulijua, yeye na shangazi. Mimi hajaniambia hadi leo.

Na maneno hayajaisha. Majuzi alikuja dereva wa bodaboda kuziba tundu la koti. Alikuwa ametoka ofisini, ameona ule mchoro. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha miguu.

"Fundi, wewe si ulikuwa katibu wa ile kamati?"

"Nilikuwa."

"Ile barabara ya nyuma yako, mbona imepindishwa? Barabara zote zimenyooka, yako tu ndiyo ina kona. Na yule mzee wa ng'ombe naye amekubali kukatwa kipande chake. Bure?"

"Bure."

"Mlikubaliana nini?"

Nilikata uzi kwa meno. "Wewe waulize waliochora," nikamwambia.

Akapokea koti lake, akaligeuzageuza akikagua kiraka, kisha akanitazama usoni. Hakuniamini hata kidogo. Kama ningekuwa yeye, nami nisingeamini.